Kufadhili Ukarabati wa Jengo la Kihistoria Uganda: Hatua kwa Hatua, Pale Ambapo Krediti ya Kodi Haipo

Wamiliki wengi wa majengo ya zamani mjini Jinja, Entebbe na Kampala wamesikia kwamba Marekani mtu akikarabati jengo la kihistoria serikali humrudishia sehemu ya gharama kupitia kodi, nao huuliza ni ofisi gani ya Uganda inayoshughulikia jambo hilo. Hakuna. Sheria zetu za kodi hazina krediti ya namna hiyo, na mwenye jengo anayeingoja atalikuta paa limeshaanguka. Hata hivyo mpango wa Wamarekani una nidhamu ambayo mtu anaweza kuitumia hapa leo, na ndani ya sheria za kodi tulizonazo zimo nafuu ambazo wenye majengo huzipoteza kwa sababu tu walianza kujenga kabla ya kupanga. Mwongozo huu unafuata utaratibu ninaoutumia na wateja wangu, na mifano yake ni ya duka la ghorofa moja katika barabara kuu ya mji kama Jinja. Viwango vya kodi hubadilishwa na Bunge karibu kila bajeti, na mabadiliko huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo kila hesabu iliyomo humu ipitiwe na mhasibu wako kabla ya kusaini chochote.

Hatua ya 1: Elewa mpango wa Marekani unavyofanya kazi

Krediti ya kodi hupunguza kodi yenyewe, shilingi kwa shilingi, tofauti na makato ya kawaida ambayo hupunguza mapato yanayotozwa kodi. Motisha za kodi kwa majengo ya kihistoria zilianza Marekani mwaka 1976, na tangu sheria ya mwaka 1986 kiwango ni asilimia 20 ya gharama zinazokubalika za ukarabati. Tangu mabadiliko ya mwaka 2017, krediti hiyo hugawanywa kwa miaka 5: anayetumia dola milioni 1 hupata dola 200,000, yaani 40,000 kila mwaka. Bei ya kununulia jengo haihesabiwi, wala upanuzi mpya, wala samani. Jengo lazima liwe la kuingiza kipato, na gharama za ukarabati lazima zizidi thamani ya jengo kama inavyosomeka katika vitabu vya mwenyewe, bila ardhi.

Kinachotuhusu zaidi ni mpangilio wa maombi, ambayo yana sehemu tatu. Ya kwanza huthibitisha kwamba jengo lina thamani ya kihistoria, ya pili huonyesha kazi itakayofanywa, na ya tatu hupelekwa kazi ikishakamilika ili wakaguzi walinganishe ahadi na matokeo. Anayeanza kazi kabla sehemu ya pili haijakubaliwa hufanya hivyo kwa hatari yake mwenyewe, na anayeuza jengo kabla ya miaka 5 kwisha hudaiwa sehemu ya krediti aliyoipata. Kwa kuwa fedha za krediti huja baadaye, mwenye jengo huingia ubia na benki au kampuni yenye kodi kubwa ya kulipa. Mbia huyo hutoa fedha taslimu na kuchukua krediti. Kwa maneno mengine, mbia hununua makaratasi yaliyo safi, na benki za kwetu nazo hupenda makaratasi yaliyo safi.

Hatua ya 2: Safisha umiliki kabla ya kuita fundi

Hapa ndipo miradi mingi hukwama. Maduka mengi ya kihistoria katika miji yetu yalijengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, ambao Idi Amin aliwapa siku 90 za kuondoka nchini mwaka 1972. Mali zao ziliwekwa chini ya Bodi ya Usimamizi wa Mali za Waasia Walioondoka, na sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuzirejesha kwa wenyewe. Matokeo yake ni kwamba jengo moja linaweza kuwa na mtu mwenye hati, mtu mwenye barua ya bodi, na mpangaji wa miaka mingi anayeamini kwamba jengo ni lake.

Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi ya kanda, linganisha hati na kumbukumbu za bodi hiyo, kisha soma muda uliobaki wa upangishaji wa ardhi. Viwanja vingi vya mijini ni vya kupangishwa na bodi ya ardhi, na ikiwa imebaki miaka 8 huku mkopo ni wa miaka 10, benki haitaendelea na mazungumzo. Omba kuongezewa muda kwanza, hata kama jambo hilo litakuchelewesha msimu mzima wa ujenzi.

Hatua ya 3: Andika jalada la jengo

Tengeneza jalada lenye sehemu tatu zilezile za Wamarekani, ingawa hakuna ofisi itakayokutolea cheti. Katika sehemu ya kwanza weka historia ya jengo: mwaka ulioandikwa kwa lipu juu ya kipaa cha mbele, jina la mwenye duka wa kwanza, na nafasi ya jengo katika historia ya mji, kama vile reli ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali iliyofunguliwa mwaka 1912, au bwawa la Owen Falls lililozinduliwa mwaka 1954. Wasiliana na Idara ya Makumbusho ya Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale ili ujue kama jengo liko katika orodha yoyote. Taasisi ya Cross-Cultural Foundation of Uganda imeorodhesha majengo ya kihistoria ya Kampala, Jinja na Entebbe, na jengo lililomo katika kazi hiyo hupata uzito mbele ya mfadhili.

Sehemu ya pili iwe ya msanifu, mhandisi na mkadiriaji majenzi kwa pamoja. Piga picha za kila ukuta kabla ya kugusa chochote, kwa kuwa picha hizo haziwezi kupigwa tena. Mhandisi achunguze kuta kabla ya makadirio kuandikwa: Beit al-Ajaib ya Zanzibar iliporomoka sehemu mnamo Desemba 2020 ikiwa katikati ya ukarabati, na watu wakafa.

Nasisitiza jambo moja la ufundi kwa sababu lina gharama. Kuta za maduka ya zamani mara nyingi ni za matofali laini yaliyounganishwa kwa chokaa au udongo, nazo hupumua unyevu. Fundi akizipaka lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani: rangi huvimba malengelenge, unga mweupe wa chumvi hujitokeza futi moja au mbili juu ya sakafu, na tofali lililo nyuma huanza kumeguka ukilikwangua kwa ukucha. Makadirio yanayosema tu «kupiga lipu na rangi» yarudishwe. Yaseme lipu ya chokaa, kwa mita ya mraba, na yaseme mbao zipi za mvule zinabaki na zipi zinabadilishwa.

Hatua ya 4: Chagua matumizi na mmiliki kwa kuangalia kodi

Chukua mradi wa shilingi milioni 600 bila kodi ya ongezeko la thamani (VAT), na pango la maduka na ofisi la milioni 120 kwa mwaka. Mtu binafsi hulipa kodi ya pango ya asilimia 12 ya kiasi kinachozidi shilingi 2,820,000, bila kukata gharama yoyote. Hapa ni takriban milioni 14. Kampuni hulipa asilimia 30 baada ya kukata gharama, lakini gharama hizo haziruhusiwi kuzidi nusu ya pango. Kwa hiyo hata kampuni yenye riba kubwa na matengenezo mengi itatozwa angalau asilimia 30 ya milioni 60, yaani milioni 18.

Wateja wengi hushangaa hapa, kwa kuwa wameambiwa kwamba kampuni daima ni nafuu. Tuseme kampuni imekopa milioni 300 kwa riba ya asilimia 18, ambayo si ya ajabu kwa mikopo ya shilingi katika benki za biashara. Riba ya mwaka wa kwanza ni milioni 54. Ongeza milioni 20 za bima, ulinzi na matengenezo, halafu makato ya uchakavu ya asilimia 5 kwa mwaka juu ya gharama za mtaji. Kama mtaji ni milioni 450, hayo ni milioni 22.5. Jumla ni milioni 96.5, na zinazozidi milioni 60 hazipunguzi kodi ya mwaka huo hata senti. Kampuni basi inafaa pale unapohitaji wabia na hisa, si kwa ajili ya kukimbia kodi. Ukiendesha mwenyewe hoteli au mkahawa ndani ya jengo, hayo ni mapato ya biashara, na kikomo cha nusu ya pango hakihusiki.

Hatua ya 5: Panga VAT na ankara kabla ya mfuko wa kwanza wa chokaa

Upangishaji wa nyumba za kuishi umesamehewa VAT, na kwa sababu hiyo VAT uliyolipa kwenye vifaa hairudi. Upangishaji wa biashara hutozwa VAT ya asilimia 18, na mwenye jengo aliyesajiliwa hudai VAT ya manunuzi yake. Katika mfano wetu, kama kazi na vifaa vya milioni 400 vinatoka kwa wauzaji waliosajiliwa, VAT yake ni milioni 72. Hiyo ndiyo nafuu kubwa kuliko zote utakazozipata Uganda, na ghorofa ya juu ikigeuzwa vyumba vya kuishi, sehemu yake hupotea. Pima pia upande wa wapangaji: kinyozi asiyesajiliwa hawezi kuidai asilimia 18 utakayomwongezea.

Jisajili kabla ya kununua. Dai ankara ya EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA), kwa kila ununuzi kutoka kwa aliyepaswa kuitoa, na usimlipe muuzaji asiye na TIN (namba ya mlipa kodi) zaidi ya shilingi milioni 5 kwa mkupuo, kwa kuwa gharama hiyo itakataliwa. Mafundi wa chokaa na wachongaji wa mbao mara nyingi ni wazee wasio na usajili wowote. Wasaidie kupata TIN mwanzoni, msije mkaitafuta kwa haraka siku ya ukaguzi.

Hatua ya 6: Panga fedha kwa tabaka

Mkopo wa milioni 300 kwa miaka 10 kwa riba hiyo hudai takriban milioni 67 kwa mwaka. Kampuni ikishatoa gharama za milioni 20 na kodi ya milioni 18, hubaki kama milioni 15. Mkopo wa milioni 600 ungedai zaidi ya milioni 133, yaani kupita pango lote, na ndiyo maana mkopo peke yake haujengi. Anza kwa kuuliza Benki ya Maendeleo ya Uganda, hasa kama jengo litahudumia utalii, kisha linganisha.

Tabaka la pili ni uso wa jengo na baraza lake, ambavyo mji wote hunufaika navyo. Kampuni inayotoa mchango kwa taasisi iliyothibitishwa na URA kuwa imesamehewa kodi inaweza kuukata hadi asilimia 5 ya mapato yake yanayotozwa kodi. Kampuni yenye mapato hayo ya shilingi bilioni 1.2 inaweza kuchangia milioni 60 na kupunguza kodi yake kwa milioni 18. Mchango hauwezi kwenda kwa mwenye jengo binafsi, hivyo taasisi ndiyo iajiri mkandarasi wa kazi hiyo, kwa mkataba unaomfunga mwenye jengo kutobomoa wala kuuficha uso huo kwa mabango kwa kipindi mtakachokubaliana. Milioni 240 zilizobaki ni zako na wabia wako, na jalada la hatua ya 3 ndilo utakalowaonyesha.

Hatua ya 7: Wapangaji na majirani

Fundi cherehani anayeshona kwenye baraza hayumo katika makadirio ya mtu yeyote, na ukimwondoa, wateja wa maduka ya ndani hupungua pia. Kaa na wapangaji kabla ya michoro kukamilika, ukarabati upande mmoja huku mwingine ukiendelea kufanya biashara, na muandike pango la miaka 3 ya mwanzo ili kila mmoja ajue anachorudia. Mikataba hiyo iliyosainiwa iambatishwe kwenye ombi la mkopo, kwa sababu afisa wa benki huuliza kwanza nani atalipa pango mwezi wa kwanza baada ya kazi kwisha.