Wataka kupanda milima Ulaya na mfuko ni mdogo? Nenda Tatra

Watu wakisikia milima ya Ulaya wanawaza Uswizi na bei zake wanakata tamaa hapo hapo. Tatra iko mpakani mwa Slovakia na Poland, kilele kikubwa Gerlachovský štít ni mita 2,655, kama nusu ya Mlima Kenya, lakini usiidharau, ni mawe matupu huko juu.

Visa ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, hizi mbili zikiwemo, ni euro 90, unaomba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, na waweza kupeleka fomu hadi miezi sita kabla. Bima lazima ifike euro 30,000 ila usiangalie hiyo namba tu, soma kama inalipia kuokolewa mlimani, maana Slovakia ukiita waokoaji bili ni yako, Poland ni bure.

Viatu sasa. Buti za maana zipo soko la Kongowea, Mombasa, kwenye mitumba ukiamka mapema, lakini kagua soli bana, ikunje, halafu bonyeza na kidole gumba pale inaposhikana na kiatu, ikimeguka kama biskuti wachana nayo hata uuziwe bei ya kutupa, hiyo imekaa stoo miaka na itabanduka ukiwa katikati ya mawe. Ukipata nzima vaa nazo kupanda ngazi za ghorofa, na wikendi moja nenda Taita upande mlima Vuria, mita 2,208, kwa sababu kuzunguka ufukweni Mama Ngina jioni na muhogo mkononi si mazoezi.

Nenda kati ya Julai na Septemba, upande wa Slovakia njia za juu hufungwa kuanzia Novemba hadi Juni hivi. Shukia mji wa Poprad, Slovakia, chukua chumba kimoja Starý Smokovec, kijiji cha chini ya milima, siku zote, usihamehame na mabegi, treni ndogo ya umeme itakupeleka kila asubuhi. Siku ya kwanza fanya rahisi, toka Štrbské Pleso mpaka ziwa la Popradské pleso, mwendo wa saa moja na robo hivi. Rangi za alama ni za kutofautisha njia tu, nyekundu si ngumu kuliko kijani, na vibao vinaandika masaa badala ya kilomita, masaa ya watu waliozoea milima, kwa hivyo wewe ongeza.

Toka alfajiri, saa nane mchana uwe ushashuka. Hapa sitanii, Agosti 2019 radi ilipiga kilele cha Giewont upande wa Poland, pale kwenye msalaba wa chuma na minyororo ya kushikilia ukipanda, wakafa watu wanne. Ukisikia ngurumo tu achia chuma ushuke. Namba ya dharura ni 112. Sweta na koti la mvua beba hata kama kumepambazuka jua kali.

Chakula chao kikuu ni halušky, donge za viazi na jibini ya kondoo, juu wanamwagia nguruwe wa kukaanga, we sema "bez slaniny" mapema kabla hawajapakua. Supu ya kabichi nayo mara nyingi ina soseji. Tende beba zako. Na wanaoswali mjue Julai Maghribi ni karibu saa tatu kasorobo usiku, Isha ndio usiseme.