Jinsi ya kuanza kazi ya kupima samaki kwa mwangwi: mfano wa Ziwa Victoria

Anayetaka kuifanya kazi hii akubali kwanza kwamba mashine inayotuma sauti majini haihesabu samaki. Hupokea mwangwi tu, na kazi yetu ni kuthibitisha mwangwi huo umetoka kwa nani.

Hatua ya kwanza ni masomo. Shahada ya uvuvi au ya viumbe wa majini itakufungulia mlango, lakini usiikimbie fizikia wala logi (hesabu za logarithimu), kwa kuwa vipimo vyetu ni vya desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti kinachotegemea logi, na kosa la desibeli 3 tu huifanya idadi ya samaki ionekane maradufu. Jifunze pia R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, ambayo ni ya bure.

Hatua ya pili ni kuomba mafunzo kwa vitendo. Vituo vya taasisi za utafiti wa uvuvi, yaani TAFIRI ya Tanzania (Mwanza), KMFRI ya Kenya (Kisumu) na NaFIRRI ya Uganda (Jinja), viko kandokando ya ziwa ambalo limekuwa likipimwa kwa sauti tangu mwaka 1999.

Hatua ya tatu ni kuhakiki mashine, na hapa naomba usiwe na haraka. Tia nanga mahali palipotulia, pima joto la maji (kwenye nyuzi 25 sauti husafiri takriban mita 1,497 kwa sekunde katika maji yasiyo na chumvi), kisha ning'iniza chini ya chombo tufe la tangsteni kabidi (madini magumu sana) lenye kipenyo cha milimita 38.1 kwa mishipi mitatu myembamba ya nailoni. Kabla ya kulishusha, lichovye kwenye maji ya sabuni ili viputo vya hewa visiling'ang'anie, na mafundo yakae mbali nalo, maana fundo nalo hurudisha mwangwi wake. Lisogeze polepole mpaka lipite kila upande wa mwale wa sauti, ukilinganisha unachosoma na thamani inayojulikana ya mwangwi wa tufe hilo. Wakati mwingine shughuli hii humaliza asubuhi nzima, na asubuhi hiyo haijapotea.

Hatua ya nne ni kusafiri kwa mistari iliyopangwa na kusoma picha ya mwangwi. Sangara hung'aa kwenye picha hiyo kwa sababu kifuko chake cha hewa ndicho kinachorudisha sehemu kubwa ya sauti. Dagaa hushinda karibu na tope mchana na kupanda juu usiku, ambako mwale unaotazama chini huweza kuwakosa, basi andika saa ya kila kipimo. Zooplanktoni, yaani wanyama wadogo mno wanaoelea majini, ndio wagumu zaidi: kwa sauti ya masafa ya kilohezi 120 wimbi lina urefu wa milimita 12.5, na wengi wao ni wadogo sana kuliko hapo, hivyo mwangwi wao ni hafifu. Viluwiluwi vya baadhi ya wadudu wa ziwani, kwa upande wao, vina vifuko vya hewa, na tabaka lao hudhaniwa kirahisi kuwa ni samaki wadogo. Ukikutana na tabaka la namna hiyo, simamisha chombo, shusha wavu wenye matundu madogo hadi kina kilekile, na usiandike jina lolote daftarini kabla hujaona kilichonaswa.