Nyota, reli na kiwimbi: kuchuja leya, maandishi na jedwali la milango kwenye AutoCAD

Mkadiriaji majenzi hapigi simu asubuhi. Anapiga saa kumi na moja jioni, zabuni inafungwa kesho, naye anataka idadi ya milango ya ghorofa zote nne. Anayehesabu kwa kidole kwenye kioo atalala ofisini. Anayezijua alama wakilishi, yaani zile alama zinazosimama badala ya herufi usizozitaja, atamjibu kabla simu haijakatwa.

Nyota watu wengi wanaijua. Kinachowaangusha ni zile nyingine, na zaidi ya yote ile hali ya alama moja kuwa na maana moja ndani ya AutoCAD, programu ya kuchorea majengo, na maana nyingine kabisa ndani ya Excel.

Hatua ya 1: Zijue alama za AutoCAD

* (nyota): herufi zozote, ziwe ngapi, hata kama hakuna.
? : herufi moja tu, yoyote.
# (reli, ileile unayomalizia nayo ukiangalia salio la simu): tarakimu moja.
@ : herufi moja ya alfabeti.
. (nukta): alama moja ambayo si herufi wala tarakimu, kama kistari au nafasi.
[ ] : mojawapo ya vilivyomo ndani ya mabano. [1-3] ni 1, 2 au 3.
~ (kiwimbi) mwanzoni: kila kitu isipokuwa hiki.
, (mkato): hiki au kile.
` : isome alama inayofuata kama ilivyo. Kitufe chake kwa kawaida kiko kushoto mwa 1, juu ya Tab. Usiichanganye na ' ya kawaida.

Reli ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Tuseme milango yako umeiandika D01, D02, D03 na kuendelea. Ukichuja kwa D* utapata milango, lakini utapata pia DPC (tabaka la kuzuia unyevu), DINING, na DN (kushuka) ya kwenye ngazi. D?? haikusaidii, maana DPC nayo ina herufi tatu. D## inaleta D na tarakimu mbili, basi. Kama una D01A na D01B, andika D##,D##@. Na kama jengo lina mlango D100, hautaingia humo, kwa hiyo ongeza D###. Ndiyo maana mimi huandika sifuri ya mbele tangu siku ya kwanza. D1 na D01 zikikaa kwenye mchoro mmoja, hakuna alama itakayokuokoa bila kuandika mara mbili.

Hatua ya 2: Chuja leya

Leya ni matabaka ya mchoro: kuta kwenye moja, milango kwenye nyingine. Fungua orodha ya leya kwa amri ya LAYER. Juu kulia kuna kisanduku cha kutafuta. Andika *WALL* na orodha inabaki na leya zenye neno hilo tu. Hiyo ni ya kutazama mara moja.

Kichujio cha kudumu unakitengeneza kwa kitufe cha "New Property Filter", au Alt+P. Linafunguka jedwali lenye safu za jina, rangi, aina ya mstari na kadhalika. Sheria yake ni hii: vilivyo kwenye mstari mmoja lazima vitimie vyote, ila mistari tofauti ni hiki au kile. Ukitaka kuta na milango pamoja, weka A-WALL* kwenye mstari wa kwanza na A-DOOR* kwenye wa pili. Ukiweka A-WALL* na rangi nyekundu kwenye mstari mmoja, unapata kuta nyekundu peke yake.

Kichujio ninachokitengeneza kwenye kila faili ni ~*|* tu. Leya zinazoingia na mchoro wa nje ulioambatishwa huwa na jina la ule mchoro, mstari wima, kisha jina la leya. Ukizikataa zote zenye mstari wima, unabaki na leya zako mwenyewe. Mhandisi wa umeme akikuletea faili lenye leya mia mbili, utaniombea dua.

Kugandisha (yaani kuzificha) leya nyingi kwa mkupuo natumia -LAYER, yenye kistari mbele, ili kila kitu kiende kwenye mstari wa amri: -LAYER, Enter, F, Enter, kisha *|A-FURN*,A-FURN*, Enter mbili. Samani zote zimelala, zako na za wenzako.

Hapa niliwahi kuadhirika. Nilikuwa na haraka, nikaandika A-F* nikidhani leya pekee inayoanza hivyo ni ya samani. A-FLOR nayo inaanza na A-F. Michoro ikachapishwa bila alama hata moja ya sakafu, na aliyegundua ni mteja. Tangu hapo, kabla ya kugandisha kwa alama, naiandika kwanza kwenye kisanduku cha kutafuta nione nini kinajitokeza. Ukishakosea, andika LAYERP, inarudisha leya zilivyokuwa.

Jambo moja la kukupumzisha: jina la leya haliruhusiwi kuwa na nyota, alama ya kuuliza, mkato wala mstari wima wa kuandika mwenyewe, kwa hiyo hizo hazitakuchanganya kwenye majina. Reli inaruhusiwa. Leya iitwayo SLAB#2 inatafutwa kwa SLAB`#2.

Hatua ya 3: Chuja maandishi kwa QSELECT

Andika QSELECT, amri ya kuchagua vitu kwa sifa zao. Chagua mchoro mzima, aina ya kitu iwe Text, sifa iwe Contents, kisha kwenye Operator shuka hadi "* Wildcard Match". Usiiache kwenye Equals. Ukiiacha hapo, D## itatafutwa kama D na reli mbili, na utaambiwa hakuna kitu. Weka D## kwenye Value, bonyeza OK. Idadi utaisoma kwenye dirisha la Properties, juu kabisa.

Rudia kwa MText (maandishi ya mistari mingi), safari hii ukiweka tiki kwenye "Append to current selection set" ili ya kwanza isipotee. Hapa kuna mtego. Ukishabadilisha fonti ndani ya MText, yaliyohifadhiwa si D07 tena, ni D07 iliyozungukwa na misimbo ya fonti ambayo huioni. D## inaikosa. Tumia *D##* halafu kagua kwa macho, maana wavu ukiwa mpana hunasa hata usichokitaka.

Mtego wa pili ni wetu wenyewe, sisi tunaoandika vipimo kwa nyota. Mlango wa 900*2100 ukiutafuta kwa 900*2100, nyota inasomwa kama "chochote", hivyo unaletewa pia 900+300*2100, mlango wa bawa moja na nusu ambao bei yake ni nyingine kabisa. Andika 900`*2100. Au anza kuandika x badala ya nyota, kama nilivyofanya mimi baada ya kuchoka.

Hatua ya 4: Bloku, kwa mstari mmoja wa AutoLISP

Milango ikiwa bloku, yaani michoro midogo iliyopewa jina na kurudiwarudiwa, zenye majina DR-900, DR-750 na kadhalika, bandika hii ya AutoLISP, lugha ya programu ya AutoCAD, kwenye mstari wa amri:

(sslength (ssget "_X" '((0 . "INSERT") (2 . "DR-*") (410 . "Model"))))

Inakupa idadi moja kwa moja. Ukitaka zichaguliwe badala ya kuhesabiwa, badilisha sslength iwe sssetfirst nil. Kumbuka "_X" haijali leya iliyogandishwa, kwa hiyo mlango uliouficha wiki iliyopita bado unahesabiwa. Namba ikija kubwa kuliko unavyotarajia, anza kutafuta hapo. Ikija ndogo, mshukiwa ni bloku zinazobadilika umbo: ukishaivuta moja, ndani ya faili inapewa jina la kificho kama *U23, na DR-* haiioni tena. Andika "DR-*,`*U*", ukijua kwamba hiyo italeta kila bloku yenye jina la kificho, madirisha na samani zikiwemo.

Wanaotumia AutoCAD LT, ile AutoCAD iliyopunguzwa: AutoLISP iliingia kwenye LT toleo la 2024. La nyuma ya hapo, ruka hatua hii.

Hatua ya 5: Jedwali likishafika Excel

Amri ya ATTOUT, iliyo kwenye Express Tools, inatoa taarifa zilizoandikwa ndani ya bloku kama faili la maandishi linalofunguka Excel. Safu ya HANDLE usiiguse kama unakusudia kuzirudisha kwa ATTIN.

Humo ndani sahau karibu yote tuliyoyasema. Excel ina nyota, alama ya kuuliza na kiwimbi, basi. Reli si tarakimu tena, ni reli. Na kiwimbi, ambacho AutoCAD ni "isipokuwa", Excel kinafanya kazi ya ile `: kinaifanya alama inayofuata isomwe kama ilivyo. Milango ya 900*2100 inahesabiwa hivi:

=COUNTIF(C2:C87,"900~*2100")

Kama kompyuta yako inakataa mkato, weka nukta-mkato. Ukitaka "isipokuwa", andika "<>D*", na taja mipaka ya safu kama nilivyofanya. Ukiitaja safu nzima, seli tupu nazo "si D", utajibiwa kwamba una milango zaidi ya milioni moja.

La mwisho ni namba za vyumba. Ukiwa na vyumba 101, 102, 103 na ukaandika =COUNTIF(A2:A87,"1*"), jibu ni sifuri. Excel imezisoma kama namba, na nyota hulinganisha maandishi tu. Wakati wa kufungua faili, kwenye hatua ya kuchagua aina ya safu, iweke safu hiyo kuwa Text. Ukishafungua tayari, kuibadilisha seli kuwa Text hakutoshi, lazima namba ziandikwe upya. Njia ya mkato ni kuongeza safu pembeni yenye =A2&"" na kuhesabu humo.