SOMO: Boti ya mfereji ikiibwa Uingereza, namna ya kuitafuta kabla haijapakwa rangi mpya

Wakuu habari zenu. Kila nikisema naishi kwenye boti huku Uingereza maswali yanakuwa yaleyale, choo kikoje, baridi unaivumiliaje. Leo tuachane na choo, tuongelee wizi wa boti, maana tupo Waswahili kadhaa kwenye hii mifereji sasa na kila baada ya muda inapita ile poste ya "boti yangu imeibwa jamani sambazeni", watu wanashea mpaka Scotland na hakuna hata mmoja aliyevaa viatu akaenda kuangalia kando ya maji.

Kwa ambao hawajaziona, boti nyembamba ya huku ni ya chuma, upana futi 7 tu, urefu inaweza kufika futi 72, uzito mara nyingi tani 15 mpaka 20. Spidi inayoruhusiwa kwenye mfereji ni maili 4 kwa saa, na kwa kuwa unapunguza mwendo kila ukipita boti zilizofungwa, kiuhalisia unaenda kama maili 3. Bibi na mbwa wake wanakupita. Kwa hiyo mwizi wa boti hakimbii, anajificha. Hawezi kukata kona kuingia mtaani, yuko kwenye mstari wa maji na mstari una njia mbili tu, mbele au nyuma. Ukilielewa hilo utaacha kupaniki na utaanza kupiga hesabu.

1. Hakikisha imeibwa kweli

Usicheke. Boti nyingi "zilizoibwa" zimefunguka tu. Tunafunga kamba kwenye vigingi vya chuma tunavyopigilia ukingoni, mtu akipita kasi maji yanavuta boti, kigingi kinang'oka, asubuhi boti yako ipo upande wa pili imelala kwenye matete au msamaria kaifunga mbele ya daraja linalofuata. Tembea pande zote mbili kwanza. Angalia na maji yenyewe, kama imezama paa litaonekana maana mifereji mingi haina kina kirefu. Na kama ulikuwa na deni la leseni piga simu Canal & River Trust, hao ndio wanaosimamia kama maili 2,000 za mifereji na mito ya England na Wales tangu 2012, wana mamlaka ya kuondoa boti isiyo na leseni. Huwa wanabandika notisi kabla, ila kuna watu hawafungui barua, mnajijua.

2. Ripoti, upate namba

Polisi ni 101, ila kama unaiona inaondoka mbele ya macho yako ni 999. Omba namba ya kesi na uiandike kila mahali, kwa sababu mfereji unavuka mipaka ya vikosi vya polisi, jioni boti inaweza kuwa kwa polisi wengine kabisa ambao hawana habari na wewe. Halafu Trust, uwape namba ya usajili ya boti, ile ya tarakimu iliyopo kwenye leseni ya dirishani. Wana wafanyakazi wanaotembea kando ya mifereji wakirekodi boti gani ipo wapi, hiyo rekodi ni dhahabu. Kisha bima. Hatua hii haina maneno mengi, fanya tu.

3. Piga hesabu (hapa ndipo penyewe)

Unahitaji vitu vitatu: mara ya mwisho ilionekana saa ngapi, omo (mbele ya boti) ilikuwa imeangalia wapi, na upana wa boti.

Omo ni muhimu kwa sababu boti ndefu haigeuki popote inapotaka. Kuna sehemu maalumu mfereji umepanuliwa ili watu wageuze, na boti ya futi 60 au 70 inabidi ifike hapo au kwenye njia panda. Kurudi kinyumenyume usiku na tani 18 za chuma, hata sisi tunaoishi humu tunaogopa. Kwa hiyo anza upande omo ilikoangalia.

Chukua mfano Braunston, ambapo mfereji wa Oxford na Grand Union vinakutana. Tuseme ilionekana saa 4 usiku na saa 2 asubuhi haipo, masaa 10 hayo. Kila maili hesabu dakika 20, kila loki (yale mageti yanayopandisha na kushusha boti kwa maji) hesabu dakika 15. Akienda kaskazini ana kama maili 7 na nusu bila loki mpaka Hillmorton, hiyo ni masaa mawili na nusu, pale kuna loki 3, halafu kama maili 15 za kuteleza mpaka Hawkesbury. Jumla masaa 8 na ushee. Kwa hiyo saa 2 asubuhi kwa upande huo mbali zaidi atakuwa amepita Hawkesbury kidogo, anaelekea Coventry au Nuneaton, na ni kama hakusimama hata kukojoa. Akienda Napton ni maili 5 hivi, halafu achague, kushoto loki 9 za Napton, kulia loki 3 za Calcutt na nyingine za Stockton mbele yake. Akienda mashariki anapanda loki 6, anapita handaki la karibu kilomita 2, anatokea njia panda ya Norton. Kushoto ngazi za loki za Watford zina walinzi na usiku zinafungwa, hapiti. Moja kwa moja kuna loki 7 za Buckby, akizimaliza anapata mkondo mrefu usio na loki mpaka Stoke Bruerne.

Sasa angalia upana. Kama boti yako ni pana, zile za futi 10 au 12, basi Hillmorton haipiti, Napton haipiti, Watford haipiti, zote zimejengwa futi 7. Dakika moja tu umefuta zaidi ya nusu ya ramani. Angalia pia matangazo ya kufungwa kwa mifereji, kuanzia Novemba mpaka Machi Trust wanafanya matengenezo ya loki, na kiangazi cha ukame wanafunga kwa kukosa maji. Loki iliyofungwa ni ukuta.

4. Andika tangazo la umbo, achana na jina

Watu wanaandika jina la boti kwa herufi kubwa utadhani mwizi ataliacha. Jina linatoka kwa kopo moja la rangi. Vyungu vya maua, maboya ya pembeni, turubai, hivyo vinatupwa siku hiyohiyo. Kisichobadilika haraka ni chuma. Madirisha mangapi kila upande na yamepangana vipi, ya duara mangapi, kuna mlango wa ubavuni au hakuna, bomba la moshi liko wapi, tezi (nyuma ya boti) ni ya aina gani, ile fupi ya kizamani au ile pana ya wazi ambayo watu sita wanasimama, kuna bonde lililobonyea wapi. Weka picha za pande zote mbili, mnaonisoma nendeni mkapige leo wakati boti bado ipo.

Usiweke kila kitu hadharani. Bakiza alama mbili tatu ambazo ni wewe tu unazijua, mfano ulichomelea nini chini ya sakafu. Na ile namba ya ganda (mwili wa chuma wa boti), yenye herufi na tarakimu 14, ambayo boti mpya zimetakiwa kuwa nayo tangu 1998, wape polisi na bima, usiibandike mtandaoni. Kawaida imegongwa nyuma upande wa kulia na nakala nyingine imefichwa sehemu.

5. Gawana mfereji

Kila daraja lina namba, tumieni hizo. "Nimeiona karibu na Rugby" haimsaidii mtu. "Kati ya daraja 58 na 59, upande usio na njia ya miguu" inamfikisha polisi. Fungueni grupu moja, mtu mmoja awe na ramani, kila mwanachama achukue kipande chake na akishakiangalia aseme NIMEANGALIA HAIPO, maana hata "haipo" ni taarifa.

Msijitegemee wenyewe tu. Boti za mafuta zinazopita zikiuza dizeli, mkaa na gesi zinamjua kila mtu. Wazee wa kujitolea kwenye loki wanakumbuka nani kapita, hasa kama alikuwa hajui kutumia mpini wa loki. Wavuvi wa kulala usiku na miavuli yao wanachukia boti inayopita saa 8 za usiku na hawatasahau. Watembeza mbwa ndio kabisa.

6. Ukiiona usiiguse

Piga picha ukiwa unatembea kama mtu wa kawaida, chukua namba ya daraja, piga simu polisi na namba ya kesi mkononi, ndipo umwambie mwenye boti. Usipande, usifungue kamba, usigonge dirisha, na usirushe "IPO HAPA NJOONI" kwenye grupu la watu 5,000, maana mwizi naye yumo humo anasoma. Waliomo ndani wanaweza kuwa hatari, na wanaweza pia kuwa familia iliyouziwa bila kujua.

7. Siku zikipita

Wiki ikikatika hesabu ya maili haina maana tena, hamia kwenye matangazo ya mauzo. Apollo Duck (tovuti ya kuuza boti), Facebook, makundi ya "boti bei chee". Pigia na gati zenye kreni, tani 18 hazipandi kwenye lori kwa mikono, lazima mtu alipwe kuinyanyua na huyo mtu ana kumbukumbu. Zitazameni zaidi boti zenye rangi mpya iliyopakwa hovyo katikati ya baridi, hakuna mtu timamu anayepaka rangi ya nje mwezi Januari.

Ikipatikana futa poste zote. Kuna watu walirudishiwa boti zao na bado wanasimamishwa na raia wema kila daraja kwa sababu picha inaendelea kuzunguka.

Karibuni maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mbagala Kizuiani: Mkuu somo zuri ila sijaelewa, kwani boti haina kadi kama gari? Si unaangalia kadi tu jina la mwenye mali?

Jibu: Hapo ndipo tatizo lilipo kaka. Hakuna kadi. Leseni ya Trust haithibitishi umiliki, inaonyesha tu nani kalipia. Umiliki unathibitishwa na hati ya mauziano, risiti, mlolongo wa wamiliki waliopita. Kwa hiyo anayenunua boti ya mkononi adai makaratasi yote ya nyuma, alinganishe namba ya ganda na cheti cha usalama kinachotolewa kila miaka 4, na apige simu gati iliyotajwa kuuliza kama wanaijua hiyo boti. Muuzaji akikwambia makaratasi yalizama, na wewe zama zako.

Dada wa Brum: Si bora mtu aweke GPS tu yaishe? Mimi nina ile ndogo ya funguo nimeiweka kwenye droo.

Jibu: Weka dada ila si kwenye droo, hiyo ndiyo sehemu ya kwanza mtu anapekua. Na umo ndani ya boksi la chuma, mawimbi yanahangaika. Tafuta sehemu chini ya mbao au plastiki, karibu na dirisha au mbele kwenye turubai. Ile kubwa ya laini ya simu iwe na betri yake yenyewe, kwa sababu ukiiunga kwenye betri za boti mwizi akizima swichi kuu na yenyewe inalala. Usitegemee ufunguo wa injini, boti nyingi swichi zake zinafunguliwa na funguo zinazofanana.

Mwana Amu: Sisi huku kwetu Lamu chombo kikiibwa watazamia bahari. Huyo mwizi hawezi kutoka nayo baharini?

Jibu: Anaweza kufika kwenye mito ya kupwa na kujaa, mfano Thames kupitia Limehouse au Brentford, ila hapo kuna loki zenye wasimamizi na ratiba inafuata maji, mara nyingi unatakiwa utoe taarifa mapema. Ndiyo maana hizo loki zipigiwe simu siku ya kwanza. Baharini kwenyewe sidhani, hii kitu chini ni bapa kama sinia, hata wimbi la dau linaiyumbisha. Nahodha wenu angeiangalia akacheka.

Kijana_Leicester: Nimeona moja inafanana kabisa na ya kwenye tangazo, ila ndani kuna mama na watoto na nguo zimeanikwa. Naona aibu kuripoti.

Jibu: Hesabu madirisha kwanza, boti zilizotoka karakana moja zinafanana kama mapacha. Yakilingana, ripoti polisi, useme na hilo la watoto ili waje kistaarabu. Jina la huyo mama usiliandike popote, wala picha ya watoto. Ikiwa siyo, hakuna aliyeaibika.

Babu Seya wa Reading: Nimetangaza zawadi ya pauni 500. Kuna mtu kanitumia meseji anasema anajua ilipo lakini nitume nusu kwanza ya nauli.

Jibu: Shikamoo babu. Usitume hata senti. Mwambie akupe namba ya daraja na picha yenye ile alama ambayo hukuiweka kwenye tangazo. Akianza kusema simu yake haina kamera, mpe polisi hiyo namba yake pamoja na namba ya kesi. Na kwenye tangazo badilisha maneno, andika zawadi italipwa boti ikisharudi mikononi mwako.

Babu Seya wa Reading: Marahaba. Nimemwomba picha, kanitumia ile ile niliyoipiga mimi mwaka juzi, hata baiskeli yangu ipo juu ya paa.