SOMO: CD (kondomu) imepasuka kazini, ufanyeje? Saa 72 zako hizi hapa

Dada zangu wa Mtwapa, wa mjini mpaka nyinyi wa Mariakani kwenye malori, na ndugu zetu wanaume mnaofanya kazi hii ya ngono pia, somo hili naliandika sababu kila wikendi ikiisha napata mesej ileile, "CD ilipasuka Ijumaa, nikaoga vizuri sana, leo Jumatano nifanyeje". Jumatano PEP, ile dawa ya kuzuia HIV baada ya hatari, imeshakupita. Hiyo ndo naitaka isimkute mtu tena, kwa hivyo someni mpaka chini hata kama ni ndefu.

HATUA YA 1: palepale chumbani
Mwambie mteja atoke, msimalizie. Nenda chooni ukojoe, jioshe kwa nje na maji matupu, basi. Usiingize kidole na sabuni, usitie ndimu, usitie Dettol, usitie shabu wala soda, najua tumefundishwa hivyo na wakubwa zetu lakini kule ndani ni laini na kuna bakteria wazuri wanaokulinda, ukisugua unajichubua na unawaua hao walinzi, virusi ndo vinapata njia. Waliofanya kwa nyuma ni hivyohivyo, usijipige bomba.

HATUA YA 2: andika saa
Toa simu andika siku na saa. PEP inatakiwa uanze ndani ya saa 72, na hizo 72 ni mwisho kabisa, sio za kusubiri, ukianza ndani ya masaa machache ndo bora zaidi. Ikipasuka Ijumaa saa sita usiku, mwisho wako ni Jumatatu saa sita usiku. Sasa angalieni hapo, katikati kuna Jumamosi na Jumapili, na CCC (kliniki za HIV) nyingi wikendi zimefungwa! Hapo ndo watu wanapotelea.

HATUA YA 3: nenda, usisubiri Jumatatu
Hospitali ya serikali, ingia kazualti (upande wa dharura), hiyo haifungwi. Zamani wengi wetu tulikuwa tunakimbilia zile dropin zetu (vituo vya afya vya sisi wa kazi hii), lakini tangu pesa za Marekani zikatwe Januari 2025 nyingi zimefungwa au zimepunguza watu, usitegemee hiyo peke yake. Ukifika sema hivi, "nimefanya mapenzi kinga ikapasuka, nataka PEP". Maneno hayo yanatosha, kazi yako si lazima uitaje kama hutaki. Nesi akianza maswali ya kukuaibisha rudia tu maneno yayo hayo kwa upole, akikataa uliza daktari wa zamu, usitoke hapo mikono mitupu. Kama hujui uende wapi piga 1190, laini ya ushauri, ni bure.

Watakupima kwanza. Ukiwa tayari una virusi PEP haina kazi kwako, unaanzishiwa ARV (dawa za HIV) moja kwa moja, na hiyo pia ni faida sababu umejua mapema.

Na kama kinga haikupasuka bali mteja alikulazimisha au aliitoa kwa siri, sema pia. Hiyo ni dhuluma. Hapo usifuate kule kujiosha kwa hatua ya 1, usioge kabla ya kuonwa, nguo za ndani tia kwenye bahasha ya karatasi sio plastiki, na laini ya 1195, ya kusaidia waliodhulumiwa, ni bure usiku na mchana.

HATUA YA 4: mimba
PEP haizuii mimba na P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba) haizuii virusi, ni vitu viwili mbalimbali. Kama huna njia ya uzazi wa mpango meza P2 mapema, ndani ya saa 72, zikiwa vidonge viwili kwenye paketi meza vyote pamoja. Koili ya kopa ikiwekwa ndani ya siku 5 ndo inashika zaidi na unabaki nayo miaka.

HATUA YA 5: siku 28
Kidonge kimoja kila siku saa ileile, siku 28 zote. Wiki ya kwanza kichwa kinaweza kuuma, kichefuchefu, usingizi unaruka, watu wengi wanaacha hapo siku ya tano wakijiona wazima. Usiache. Kikikusumbua rudi waambie. Usiwe na aibu kubeba dawa kazini, tia vidonge viwili vitatu kwenye kikaratasi ndani ya pochi, sababu usiku ukikesha huko asubuhi hujarudi nyumbani. Ukimaliza pima tena, halafu tena baada ya miezi 3. Na siku unamaliza PEP omba PrEP (dawa ya kujikinga na HIV kabla ya hatari) uunganishe hapohapo, usiache pengo.

HATUA YA 6: mengine
Kisonono na klamidia kwa mwanamke mara nyingi havionyeshi dalili yoyote, vinakula kizazi kimyakimya. Rudi baada ya kama wiki 2 upimwe, na kaswende upimwe tena miezi 3. Tafadhali msinunue Cipro za kemisti kwa kubahatisha, kisonono cha siku hizi kimeizoea, kinahitaji sindano. Uliza pia chanjo ya homa ya ini B, ni sindano tatu ndani ya miezi 6.

Ili isipasuke tena: Vaseline, losheni na mafuta ya kupikia vinaila mpira wa kondomu, tumia kilainishi cha maji. Usivae mbili pamoja, zinasuguana. Usiiweke kwenye sidiria kutwa nzima, joto linaiharibu. Ya kike mimi naisifu sana, unaivaa mapema kabla hujatoka, mlevi hana habari.

MASWALI YENU

Swali: Mteja alijipima mbele yangu na kile kipimo cha mate, kikatoka hana. Bado niende?
Jibu: Nenda. Kipimo kile hakioni maambukizi mapya, inaweza kuchukua mpaka miezi 3. Na mtu akiwa ameambukizwa juzi juzi ndo virusi viko vingi mwilini.

Swali: Wangu aliniambia anakunywa ARV na virusi havionekani
Jibu: Ikiwa ni kweli haviwezi kukupata kwa ngono, hilo limethibitishwa. Lakini wewe karatasi yake ya vairo lodi (kipimo cha wingi wa virusi) hujaiona, ni mdomo wake tu. Anza PEP, mengine baadae.

Swali: nanyonyesha, mtoto miezi 5, nitameza kweli
Jibu: Ndio mama, meza na unyonyeshe. Vidonge wanavyotoa sasa hivi ni salama kwa mja mzito na anayenyonyesha. Waambie tu kwamba unanyonyesha.

Swali: Pombe je? Kazi yangu ni baa
Jibu: Pombe haiui nguvu ya dawa, shida ni kusahau. Meza kabla hujatoka nyumbani. Ila dawa za kiungulia ndo mwangalie, hizo zinazuia dawa isiingie vizuri, meza PEP masaa mawili kabla yake au masaa sita baada yake.

Swali: Niko kwa PrEP, ikipasuka nahitaji PEP?
Jibu: Kama unameza kila siku na umeshapitisha siku 7, uko sawa, endelea, ukapimwe magonjwa mengine. Kama unarukaruka hesabu kama huna kitu, nenda kazualti.

Swali: na mtu wangu wa nyumbani nimwambie nini hizo siku zote
Jibu: CD mpaka kipimo cha miezi 3 kitoke. Wengine wanasema nesi kanipa dawa ya fangasi, tupumzike kwanza. Wa kwako unamjua wewe, sema lile litakalokuacha salama usiku huo.