Skrini ya kubebeka: uliza kwanza nani anailisha

Watu wengi hapa Lubumbashi wakienda kununua skrini ya kubebeka huangalia ukubwa na rangi. Mimi naangalia matundu yake ya ubavuni kabla hata haijawashwa. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, niko Katuba, na skrini yangu ya inchi 15.6 ndiyo ninayokwenda nayo kwa wateja. Jioni ndiyo wadogo zangu wanayochezea mpira wa PS4, ile mashine ya michezo. Haifiki kilo moja, inaingia begi moja na laptopu. Ni kifaa kizuri mno kwa mji wetu, kwa hiyo huniuma nikiona nyingine zinarudishwa dukani zikiitwa mbovu wakati hazina ubovu wowote. Kilichokosekana ni umeme wa kutosha, au kebo haikuwa yake.

Skrini hizi kwa kawaida hazina betri ndani. Lazima kitu fulani kiilishe umeme, na lazima kitu fulani kiipe picha. Kuna kebo moja inayoweza kufanya yote mawili, na kuna hali ambapo unahitaji kebo mbili. Kabla ya kuchomeka chochote, jibu hilo kwanza.

Ilaze skrini mezani uangalie ubavu. Nyingi zina matundu mawili ya USB-C, tundu moja dogo la HDMI na tundu la duara la spika za masikioni. Hilo dogo ni mini-HDMI. Si lile pana la nyuma ya televisheni, na si micro-HDMI, ambayo ni ndogo zaidi na iko kwenye baadhi ya kamera. Sokoni zinachanganywa kila siku, kwa hiyo ukienda kutafuta kebo beba skrini yenyewe, chomeka papo hapo. Halafu soma maandishi madogo kando ya yale matundu mawili ya USB-C: kuna skrini ambazo moja hupokea picha na umeme, na la pili hupokea umeme tu.

Upande wa laptopu, usidanganyike na umbo la tundu. USB-C ya kutoa picha mara nyingi ina alama ya radi ndogo, au herufi D na P zilizounganishwa. Zipo laptopu ambazo USB-C yake ni ya kuhamisha mafaili tu, hata ufanye nini picha haitoki. Kebo nayo ni vilevile. Ile ya kuchajia simu inaingia vizuri kabisa, skrini inawaka, inaandika kwamba hakuna picha, inalala. Kebo hiyo imejengwa kwa umeme na data ya polepole. Inayobeba picha huwa nene kidogo na fupi, na pakiti yake huandikwa 4K au 10 Gbps kwenda juu. Iliyokuja ndani ya boksi la skrini ndiyo ya kuaminika. Yangu nimeizungushia utepe mwekundu kwenye kichwa, na hakuna ruhusa ya kuchajia simu nayo.

Kama USB-C ya laptopu yako haitoi picha, tumia HDMI. Hapo kumbuka kwamba HDMI inapeleka picha na sauti, lakini umeme wake ni kidogo mno kuendesha skrini, kwa hiyo chomeka na chaja kwenye USB-C ya skrini. Laptopu ya zamani yenye VGA peke yake inahitaji kile kiboksi cha kubadilisha VGA kuwa HDMI. Chukua chenye mkia wa USB wa kukipa umeme.

Picha ikishatokea, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Kompyuta zetu nyingi huku ziko kwa Kifaransa, basi utaona «Dupliquer» na «Étendre». La kwanza linaonyesha kitu kilekile pande zote mbili. La pili linakupa meza mbili, na ndilo la kazi: vipande vya video vinabaki kwenye laptopu, picha kamili inacheza kwenye skrini ya pembeni. Kama kipanya kinapotelea upande usio wake, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya kwenye uso wa kompyuta, ingia «Paramètres d'affichage», uburute kile kisanduku chenye namba 2 ukiweke upande ambao skrini yako ipo kweli mezani. Maandishi yakiwa madogo, ongeza hadi asilimia 125 au 150. Kwenye ukurasa huohuo kuna mahali pa kugeuza picha juu chini. Wateja wangu wengi, bwana na bibi harusi, hukaa ng'ambo ya meza. Nalaza skrini karibu tambarare, nageuza picha, nao wanaona harusi yao imewaelekea huku mimi nikiendelea na kazi upande wangu. Hakuna anayezunguka kuja kunisimamia mgongoni.

Sauti mara nyingi huhamia kwenye skrini yenyewe bila kuulizwa, na spika zake ni dhaifu. Bofya alama ya spika chini kulia uchague unakotaka isikike.

Sasa umeme, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Kijana mmoja jirani aliniletea skrini yake na PS4.

«Yaya, juu ya nini inawaka na kuzimika?»

Nikamwambia achomeke kama anavyofanya kwao. Kebo ya HDMI ilikuwa sawa. Umeme alikuwa anautoa kwenye tundu la USB la mbele ya PS4. Nembo ya skrini ikatokea, menyu ikaja, akapandisha mwanga, giza. Nembo tena, giza tena. Tundu lile hutoa takriban wati 4.5. Skrini nyingi za aina hii huomba volti 5 kwa ampea 2 au 3, yaani wati 10 hadi 15 mwanga na sauti zikiwa juu. Nikachomoa, nikaweka chaja ya ampea 3, ikatulia. Ukiona skrini inajiwasha na kujizima, anza na chaja, halafu kebo ya chaja, kabla hujamlaumu muuzaji. Ukikosa chaja nzuri kwa wakati huo, punguza mwanga hadi nusu. Mara nyingi inatosha kumaliza mechi.

Umeme ukikatika, faida ya skrini hii unaiona wazi. Pawabenki ya mAh 20,000 inabeba takriban wati-saa 74. Toa zinazopotea njiani, zinabaki kama 60. Kwa mwanga wa kati, skrini ikila wati 10, unapata karibu saa sita. Mimi huchomeka pawabenki kwenye USB-C ya pili ya skrini hata ninapotumia kebo moja na laptopu, kwa sababu bila hivyo laptopu ndiyo inayomlisha mwenzake na betri yake inaisha upesi.

PS4 hailishwi na pawabenki ya kawaida, usijaribu. Kwenye mchezo, PS4 Slim hula wati 80 hadi 100 hivi. Kwa betri ya gari au ya sola na inveta, piga hesabu: betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini ya asidi usiimalize zaidi ya nusu, itakufa mapema. Ukitoa hasara ya inveta unabaki na kama 500. PS4 na skrini ya kubebeka, takriban wati 100, ni saa tano. Weka televisheni ya wati 50 badala yake, umepoteza karibu saa moja na nusu. Na usilipie zaidi kwa ajili ya skrini ya herzi 144, yaani inayobadili picha mara 144 kwa sekunde, kama unacheza PS4 tu, kwa sababu mashine hiyo haivuki 60. PS5 ndiyo inayofika 120, kwa baadhi ya michezo.

Nintendo Switch, mashine ya michezo ya kushika mkononi, ina tabia yake. Njia ya uhakika ni kutumia doki yake, kile kikalio inachochomekwa, na chaja yake ya volti 15, kisha HDMI hadi kwenye skrini. Chaja ya simu ya volti 5 haitaiamsha doki. Switch Lite haitoi picha nje kabisa. Simu nazo ni hivyohivyo: Samsung Galaxy S kuanzia S8, na iPhone kuanzia 15, zinatoa picha kwa USB-C. Simu nyingi za bei nafuu tunazotumia hazitoi, hata tundu likiwa lilelile.

Vifaa vinavyopitia mpaka wa Kasumbalesa mara nyingi vina plagi ya Zambia, ile ya miguu mitatu bapa. Kwa PS4 hakuna haja ya adapta: waya wake wa umeme unachomoka nyuma, na wenye kichwa cha umbo la nane na plagi ya miguu miwili ya duara unapatikana kwa mafundi wa redio. Kwa chaja ya skrini tafuta adapta inayokaza, maana ikilegea skrini itazimika na utadhani ni ugonjwa mwingine.

Kiangazi, vumbi letu jekundu huingia kwenye USB-C na kushindiliwa hadi kebo haifiki mwisho. Chomoa kila kitu, tumia kijiti cha meno cha mbao, kikavu, upitishe taratibu kando ya ulimi wa katikati bila kuuchokonoa. Kifuniko cha sumaku cha skrini ndicho kinachoisimamisha, lakini begini hakitoshi. Weka skrini uso ukiangalia laptopu, na chaja iwe mfuko wa nje, isiigandamize.