Filamu fupi ya anime: ikague kabla hujatandika mikeka

Filamu fupi zinazochomolewa kwenye tamthilia za anime, yaani katuni za Kijapani, zina sifa mbaya, na nyingi zimeichuma wenyewe. Watu wameifuata tamthilia miezi mizima, wanaitana barazani, iwe Ng'ambo ya Unguja au Wete ya Pemba, projekta inawashwa, na nusu saa haijesha kila mtu kainamia simu yake. Kasoro hizo huonekana mapema kwa anayejua pa kutazama. Tenga jioni moja ya ukaguzi, siku mbili tatu kabla ya onyesho.

Anza na saa. Sehemu moja ya tamthilia ya anime ni dakika 24 hivi, na ndani yake mna wimbo wa kufungulia wa sekunde 90 na wa kufungia wa sekunde 90. Hadithi inabaki dakika 21. Filamu nayo ifanyie hesabu hiyohiyo: toa nyimbo, toa majina ya mwisho, toa ukumbusho wa yaliyopita, toa vipande vilivyoazimwa kutoka kwenye tamthilia yenyewe. Filamu ya dakika 50 ikibaki na 35, ulichonacho ni sehemu mbili kasoro za tamthilia, zimevutwa kama halua haijapoa.

Kipande cha kuazima kina alama. Tamthilia za zamani zilitengenezwa kwa picha ya 4:3 (upana nne kwa kimo tatu), kwa hiyo kikitiwa kwenye filamu pana hukatwa juu na chini: nywele zinaishia paji la uso, miguu haipo.

Kisha pima mkono wa wachoraji. Fungua filamu kwa VLC, programu ya kuchezea video, nenda kwenye pigano kubwa, simamisha, halafu bonyeza E. Kila ukibonyeza, video inasogea fremu moja, yaani picha moja tuli, na sekunde moja ina fremu 24. Katika anime mchoro mmoja hukaa fremu mbili au tatu ndipo ukaja mwingine. Huo ni utaratibu wao, si ubakhili. Ukibonyeza mara ishirini na ushee na kinachosogea ni mdomo tu, au picha moja iliyoganda inavutwa kutoka kushoto kwenda kulia, pesa zilikuwa chache. Mara moja mbili si neno. Pigano zima likiwa hivyo, usiwaahidi watu pigano.

Lakini michoro mizuri peke yake haiokoi kitu. Linalowaangusha watazamaji zaidi ni hadithi isiyoruhusiwa kubadili chochote. Tamthilia bado inaendelea, kwa hiyo shujaa lazima arudi pale alipokuwa, na adui aliyezuliwa kwa ajili ya filamu lazima apotee nayo. Tazama tarehe 4 Machi 2000: Toei, kampuni ya filamu ya Japani, walitoa filamu mbili kwa pamoja kwenye kumbi za Japani. Moja ni ya kwanza ya One Piece, hadithi ya maharamia, dakika 51. Tamthilia ilikuwa imeanza Oktoba 1999, na Sanji, mpishi wa maharamia hao, hayumo, maana hajajiunga na jahazi bado. Inachekesha na haichoshi, ila ukiiondoa hakuna kinachopungua. Nyingine ni ya Digimon, iliyoongozwa na Mamoru Hosoda, dakika 40 tu, na mpaka leo inasifiwa. Hosoda hakujaribu kubana safari nzima. Amechukua adui mmoja ndani ya intaneti, saa inayohesabu dakika kumi kurudi nyuma, na watoto waliotawanyika, kila mmoja mahali pake. Hata barua pepe za watoto wa dunia nzima, zinazoifanya kompyuta iwe nzito wakati mbaya kabisa, ndizo baadaye zinazotumiwa kumwelemea adui. Kwa hiyo andika kwa sentensi moja filamu yako inataka nini. Sentensi ikihitaji "halafu" tatu, filamu fupi haitaubeba mzigo huo.

Filamu ikiwa ya wastani, mpangilio wa usiku unaweza kuisaidia. Tanguliza sehemu moja ya tamthilia inayowajulisha wahusika waliomo. Usitangulize ile sehemu kali ambayo kila mtu anaikumbuka; filamu itaonekana chai bila sukari.

Maandishi ya chini kwa Kiswahili yanataka mkasi. Mistari miwili, herufi 40 kila mmoja, ndiyo mwisho, na jicho lisome kama herufi 15 kwa sekunde. "Nilikuwa nimekwisha kukuambia kwamba usiende kule" ni herufi 49 pamoja na nafasi: inataka zaidi ya sekunde tatu, na aliyesema ameshafunga mdomo. "Nilikukanya usiende" ni 19. Neno itadakimasu, wanalosema Wajapani kabla ya kula, wengine hulitia "Bismillahi". Baraza litacheka, lakini wahusika si Waislamu, na "Haya, tule" inatosha.

Hifadhi faili la maandishi hayo (SRT) kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8, ulipe jina lilelile la video. Kisha jaribu dakika ya 5 na ya 45. Maandishi yakichelewa au yakitangulia kiasi kilekile kote, vitufe vya G na H vya VLC vinayasogeza milisekunde 50 kwa kila mbofyo. Pengo likikua kila ukienda, usihangaike na vitufe: mara nyingi ni kwamba maandishi yalipangwa kwa fremu 25 kwa sekunde na video ni ya 23.976. Ikifika dakika ya 50 yatakuwa yametangulia dakika mbili hivi. Fungua Subtitle Edit, programu ya kuhariri maandishi ya chini, badilisha kiwango cha fremu, hifadhi upya.

Tazama yote mpaka mwisho kabla hujaalika. Nyongeza za tamthilia zina mazoea ya kupeleka wahusika ufukweni au kwenye bafu la maji moto, na mkeka mmoja unaweza kuwa na bibi na mjukuu. Onyesho likiwa la hadhara, nenda kwanza BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni la Zanzibar, kuulizia kibali, na haki ya kuonyesha iwe mkononi.

Anza baada ya isha. Projekta ambayo uwiano wake wa umbali kwa upana wa picha ni 1.5 inataka mita tatu kutoa picha ya upana wa mita mbili. Ukuta uliopakwa chokaa ni bora kuliko shuka, hasa msimu wa kusi. Ukilazimika na shuka, lifunge pembe zote nne na katikati ya kila upande kwenye mirunda, la sivyo uso wa shujaa utavimba na kunywea kama tanga. Umeme ukikatika, acha taa ya projekta ipoe dakika chache ndipo uwashe tena, maana feni imesimama na taa ingali moto.

Majina yanapoanza kupita, aliye karibu na swichi asiwashe taa. Filamu za namna hii hupenda kuficha kipande cha nusu dakika baada ya majina, na pengine hicho ndicho kinachoungana na tamthilia.